Uzinduzi wa Ubongo Kata ya Mutuka

“Wananchi wote wa Babati mjini, kuanzia Nangara mpaka Bonga, mnatangaziwa kwamba matumizi rasmi ya ubongo katika kuchagua chakula yataanza Alhamisi hii, saa nne kamili asubuhi, kwenye viwanja vya Mutuka. Nyote mnakaribishwa. Atakayekosa atajulikana.”

Tangazo hilo lilizungushwa mjini siku tatu juu ya pikapu yenye spika mbili, moja mbovu, na hakuna aliyelipinga. Waliodai kwamba wamekuwa wakitumia ubongo tangu zamani waliambiwa kuwa ule haukuwa rasmi. Mwandishi wa tangazo alikuwa Valence, Kaimu Mratibu wa Ofisi ya Kanda ya Uwiano wa Ubongo na Mlo, kwa kifupi UBOMLO, na kila pikapu ilipopita chini ya dirisha lake aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Aliipenda hasa ile sentensi ya mwisho, kwa sababu aliitunga mwenyewe bila kusaidiwa na makao makuu.

Valence alikuwa anakaimu kwa mwaka wa sita. Kukaimu si jambo baya. Mwezi wa kwanza watu wanakupongeza. Mwaka wa pili mke wako anaacha kuuliza. Mwaka wa sita hata mlinzi wa getini anakusalimia kwa huruma. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwepo, imechapwa, ina muhuri, haina sahihi, na ilikuwa inasafiri ndani ya mkoba wa Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Jovin, kila alikokwenda. Mkurugenzi alikuwa amesema wazi kwamba ataisaini siku ya uzinduzi wa Mutuka, endapo lengo litafikiwa.

Lengo lilikuwa asilimia sabini, na ili mtu alielewe lengo ni lazima kwanza auelewe Waraka Namba Saba.

Wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wamepiga picha bongo za watu, wakaona kwamba wale wenye nyama nyingi zaidi ya kijivu upande wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, wakiwekewa vyakula viwili hujizuia na kuchagua chenye afya. Wenye nyama hiyo kidogo hunyoosha mkono kwenye kilichokaangwa. Wataalamu wenyewe waliyasema haya kwa tahadhari, wakaongeza kwamba bado wanachunguza. UBOMLO haikuwa na muda wa tahadhari. Ilitoa Waraka.

Waraka uliwagawa wananchi katika madaraja manne, A mpaka D. Mwenye Daraja D, yaani aliyepungukiwa upande wa mbele, angepewa Msimamizi wa Mlo kwa siku tisini, na asingeweka tonge kinywani bila idhini yake. Msimamizi angetoka Daraja A, awe ni yule aliyekuwa amekaa karibu naye zaidi siku ya kupimwa. Aidha, mwenye Daraja D hakuruhusiwa kusaini wala kubadilisha waraka wowote wa Ofisi, kwa kuwa mtu anayeshindwa na sahani mbili hawezi kuaminiwa na kalamu. Kifungu hicho Mkurugenzi alikiandika kwa mkono wake, na waliokuwepo wanasema alikisoma kwa sauti mara mbili huku akicheka.

Makao makuu yalikadiria kwamba asilimia sabini ya wakazi wangeangukia Daraja D. Kadirio hilo halikutokana na kumpima mtu yeyote. Lilitokana na idadi ya ofisi zilizohitaji kufunguliwa. Hao wakipatikana, Awamu ya Pili ingekuja na magari yake, na Valence angekuwa Mratibu kamili. Wasipopatikana, UBOMLO ingefungwa, maana huwezi kuendesha ofisi ya kurekebisha bongo ambazo hazina kasoro. Valence alilijua hilo vizuri kabisa, na usiku mwingine lilimnyima usingizi.

Maandalizi yalikuwa yamekamilika kwa kadiri ilivyowezekana. Ofisi iliomba mashine ya kupiga picha ubongo. Makao makuu yakaleta mashine ya kutoa nakala, pamoja na barua inayosema kwamba hiyo nayo inapiga picha. Kibao cha Ofisi kilichorwa na fundi mmoja wa Nangara aliyezoea kuchora vichwa vya saluni, ambaye kwa mara ya kwanza alitakiwa kuchora cha ndani. Alijitahidi, lakini wiki ile ile kibao kiliposimamishwa watu walianza kugonga mlango wakiulizia nusu kilo. Ikabidi iongezwe chini yake, kwa herufi nyekundu: HUU SIO UTUMBO.

Kifungu cha tisa ndicho kilichookoa hali. Pasipo na mashine, kilisema, ubongo upimwe kwa matendo. Mpimwa akalishwe mbele ya sahani mbili, moja ya chipsi na kuku wa kukaanga, nyingine ya makande na mboga ya mnafu. Akishakaa, saa ianze. Akigusa chipsi kabla ya robo saa kwisha, ni Daraja D. Robo saa ikipita hajagusa, ni Daraja A. Katikati palikuwa na B na C, ambazo hazikufafanuliwa kwa sababu ukurasa uliisha. Mpimwa asijue kwamba anapimwa, maana ubongo ukijua unatazamwa hujirekebisha. Na kila atakayekaa mbele ya sahani apimwe, bila kujali cheo. Maneno hayo matatu ya mwisho Mkurugenzi aliyaweka kwa ajili ya magazeti.

Alhamisi ilipofika, Mutuka ilipendeza. Maturubai yalifungwa tangu alfajiri, viti themanini vikapangwa, na meza kuu ikawekwa mbele na kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Chakula kilipikwa na Jovita, mama lishe ambaye watu wote humwita Mama Edda, na kila kiti, pamoja na vya meza kuu, kilipata sahani zake mbili zilizofunikwa kwa sahani nyingine juu. Saa ilishikwa na Devota, mtunza kumbukumbu wa Ofisi. Devota alikuwa mwanamke wa kuandika alichokiona, na kwa tabia hiyo alikuwa ameshahamishwa vituo vinne.

“Anayekaa mbele ya sahani apimwe,” Valence alimkumbusha. “Awe nani.”

“Nimesikia, bosi.”

Watu walikuja wamevaa vizuri, wakakaa. Saa nne kamili Devota alibonyeza saa. Valence alijificha nyuma ya nguzo ya turubai akiwa na kalamu tayari. Dakika tano zikapita. Kumi. Robo saa. Devota akajaza ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akajaza wa pili.

“Wangapi?” Valence alinong'ona.

“A themanini.”

“D?”

“Hakuna.”

Valence alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuwa gari lake halina injini. Akaamua kwamba hawajaziona chipsi. Aliagiza vifuniko viondolewe, Mama Edda akapita akifunua sahani moja moja, na harufu ya kuku ikapanda ikajaa chini ya turubai lote. Watu themanini walimeza mate kwa pamoja mpaka ikasikika. Kisha wakakunja mikono wakaendelea kutazama mbele.

Hapo alilazimika kwenda mwenyewe. Mstari wa kwanza, hatua tatu kutoka meza kuu, alikaa Mama Yohanes, mkulima wa mahindi na maharage mwenye umri wa miaka sabini na kitu, kitenge kipya, rozari shingoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni na maandalizi.”

“Tumeshapoa. Karibu chakula, mama. Chipsi hizo zinapoa.”

“Asante sana, tumekaribia.”

Hakugusa. Valence alisubiri. Mama Yohanes naye alisubiri, na kwa kusubiri alionekana ana uzoefu zaidi.

“Mbona huli, mama?”

“Mgeni rasmi ameshafika?”

“Bado, lakini...”

“Basi,” alisema Mama Yohanes kwa upole, kama anayemsaidia mtoto hesabu rahisi.

Kiti cha pili yake alikaa Teodori, dereva wa bodaboda wa Bonga, na huyu Valence alimwona ni tumaini. Alikuwa kijana, alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa hayajatoka kwenye paja la kuku tangu vifuniko viondolewe.

“Mambo, kijana?”

“Poa, bosi.”

“Njaa vipi?”

“Mbaya, bosi. Tangu jana mchana sijatia kitu.”

“Sasa si ule!”

“Nikila kabla ya mkubwa watanirekodi.” Teodori alionyesha kwa midomo simu kama ishirini zilizokuwa zimeinuliwa nyuma yake. “Kesho niko kwenye simu za mji mzima. Kijiweni nitakaa wapi?”

Ndipo Valence alipoielewa hatari yote. Hawa ni watu waliosubiri wageni rasmi tangu wakiwa shule ya msingi. Wamesubiri kwenye uzinduzi wa visima, wa madarasa, wa vyoo vya madarasa. Wamesubiri juani wameshika bendera za karatasi. Kama kweli kuna nyama ya kijivu inayokua kwa mazoezi, basi ya watu hawa ilikuwa imekua mpaka nyuma ya masikio, na aliyeikuza ni Ofisi zenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila kujua. Kisayansi lilikuwa jambo la fahari. Kwa barua iliyokuwa ndani ya mkoba wa Mkurugenzi, lilikuwa msiba.

Alimpigia Mkurugenzi.

“Nipo Bonga hapa,” alisema Mkurugenzi. “Dakika kumi.”

“Mgeni rasmi yuko Bonga!” Valence alitangaza, na watu wakapiga makofi.

Saa tano akatangaza tena kwamba mgeni rasmi yuko Bonga. Saa sita alitangaza hivyo kwa sauti ya chini kidogo. Mama Edda alikuwa amesharudisha chipsi kwenye mafuta mara mbili, na Devota aliandika kwa uaminifu kwamba washiriki wamekabiliwa na chakula kile kile katika hali tatu za joto, matokeo ni yale yale.

“Baba Hilaria,” Mama Edda alimwambia Valence pembeni ya jiko, akimwita kwa jina la binti yake kama alivyomwita siku zote, “hizi chipsi nikizirudisha tena zitaomba likizo. Kwani watu hawa umewakataza kula?”

“Nimewakaribisha mara nne!”

“Umesali?”

Valence alijipiga paji la uso, upande ule ule unaozungumziwa na Waraka. Sala! Alimtafuta Katekista Melkiadi, akamwomba abariki chakula, ila kwa ufupi. Melkiadi alisimama, akavua kofia, akabariki mahindi, maharage, kuku, mvua iliyopita na mvua ijayo, kisha akamwombea mgeni rasmi safari njema, avushwe madaraja yote na kona zote, afike salama na ajumuike nao mezani. Alitumia dakika ishirini na mbili. Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa.

“Haya sasa, karibuni!” alisema Valence.

Hakuna aliyesogea. Mama Yohanes alimtazama kwa mshangao.

“Mwanangu, tumetoka kumwomba Mungu amlete tule naye. Sasa tule kabla hajajibu?”

Saa nane Teodori alinyoosha mkono, Valence akakimbilia pale akidhani mkono unakwenda kwenye sahani. Ulikuwa unaomba kuuliza swali.

“Bosi, nimewapigia wenzangu wa kijiwe cha Bonga. Wamesema tangu asubuhi limepita lori la vitunguu na gari la maharusi. Mkubwa wenu anakuja na lipi?”

“Yuko Bonga,” alisema Valence, na kwa mara ya kwanza aliona aibu. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja. Walikuwa wameacha palizi, wameacha ng'ombe, wamekaa saa nne nzima mbele ya chakula bila mtu kumkaripia mwenzake, na yeye alikuwa anazunguka kati yao akiomba hata mmoja ashindwe. Naye alikuwa na njaa. Naye hakuwa amegusa kitu. Ilimjia kwamba hata ubongo wake ungepata A, na kwamba katika miaka sita hakuna aliyewahi kumpa daraja lolote.

Saa tisa na dakika tano honi ilisikika. Watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, na Mkurugenzi Jovin akashuka garini na mkoba wake, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni, kwa kuwa alikuwa amekawia njiani akimalizia supu. Alipunga mkono, akaenda meza kuu, akakaa. Devota alirudisha saa kwenye sifuri, akabonyeza.

“Mheshimiwa Mgeni Rasmi,” Valence alianza kwenye kipaza sauti, “itifaki ikiwa imezingatiwa, ndugu viongozi wa...”

Alisikia mfupa ukivunjika. Aligeuka. Mkurugenzi alikuwa na paja la kuku mkononi, chipsi tatu zikining'inia pembeni ya mdomo pamoja na kijiti. Makande hakuyatazama.

“Sekunde kumi na moja,” alisema Devota, na akaandika.

Kisha alipeleka fomu meza kuu. Fomu ilisema: Nimesoma, nimeelewa, nimelikubali daraja langu. Mkurugenzi aliisaini huku anatafuna, kwa kuwa alizoea kusaini kila kilichowekwa mbele yake, isipokuwa barua ya Valence. Akapangusa vidole kwenye kitambaa cheupe, akasimama kuhutubia.

Ilikuwa hotuba nzuri. Aliwaambia wananchi kwamba tatizo lao si ardhi wala mvua. Tatizo lao ni upande wa mbele. “Matumbo yenu ndiyo yanayowaendesha!” alisema. “Mkiona kilichokaangwa mnapoteza akili! Kula kula tu! Leo Ofisi imewapima bila nyie kujua, na mimi nataka matokeo yasomwe hapa hapa, hadharani, bila kumwonea mtu haya! Kaimu, soma!”

Valence alichukua karatasi kutoka kwa Devota. Angeweza kuacha mstari wa mwisho. Nani angejua, zaidi ya Devota, ambaye alishazoea kuhamishwa? Alikohoa.

“Waliopimwa, themanini na mmoja. Daraja A, themanini.”

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Mama Yohanes aliuliza jirani yake A ndiyo ya juu au ya chini.

“Daraja D,” alisoma Valence, “mmoja.”

“Mmoja tu?” Mkurugenzi alikunja uso, lakini hakukata tamaa. “Sawa. Huyo mmoja tumwone! Asimame!”

Valence alitazama viatu vyake.

“Nimesema asimame!”

“Mheshimiwa,” alisema Devota, “umeshasimama.”

Kicheko kilianzia kwa Teodori, kikapita mstari wa kwanza, kikaruka wa pili, kikafika jikoni ambako Mama Edda aliketi chini kabisa akashika mbavu. Katekista Melkiadi aligeuka akatazama mlima kwa heshima, mabega yakimtikisika. Mkurugenzi alimshika Valence mkono, akamvuta nyuma ya gari, akafungua mkoba. Barua ilikuwa pale juu kabisa, imejikunja pembeni kwa safari nyingi.

“Valence, wewe ni mtu wangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Geuza hiyo karatasi. Themanini D, mmoja A. Lengo limepita hata asilimia sabini. Nasaini barua yako sasa hivi, kwenye boneti hapa. Kesho unaitwa Mratibu.”

Valence aliitazama barua. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, jambo ambalo si la kawaida. Alimfikiria mke wake. Kisha akachungulia kando ya gari akaona watu bado wamekaa mbele ya sahani zao, wakifuta machozi ya kucheka, na hata sasa hakuna aliyekuwa amegusa kitu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajamaliza hotuba. Hao ndio wangesimamiwa tonge kwa tonge siku tisini. Alikuwa amewadanganya tangu saa nne na nusu, na alikuwa amechoka.

“Mheshimiwa,” alisema, “Daraja D haruhusiwi kusaini.”

Mwenyewe alishangaa jinsi sauti ilivyotoka nzima.

“Nabadilisha Waraka!”

“Wala kubadilisha. Ni kifungu chako, Mheshimiwa. Kile ulichokisoma mara mbili.”

Mkurugenzi alirudi turubaini kwa hasira. Alidai kujua ni nani basi mwenye mamlaka hapo. Devota aliomba wenye Daraja A wanyooshe mikono, na mikono themanini ikapanda juu. Akapima kwa hatua kutoka meza kuu, akasimama mbele ya Mama Yohanes, akamsomea kifungu cha Msimamizi wa Mlo taratibu, mara moja kwa lugha ya Ofisi na mara ya pili kwa lugha ya kawaida.

“Siku tisini?” Mama Yohanes alishtuka. “Na maharage yangu nani atapalilia?”

“Waraka unasema anayesimamiwa ndiye anayemfuata msimamizi,” alieleza Devota.

Mama Yohanes alimtazama Mkurugenzi kuanzia viatu mpaka tai, akipima.

“Haya. Majembe yapo.”

Devota, ambaye hakupenda karatasi ikae bila kukamilika, aliichukua na barua ya Valence akaiweka mbele ya msimamizi mpya kwa ajili ya sahihi, kwa kuwa kwa sasa ndiye aliyekuwa na haki ya kalamu. Mama Yohanes aliivuta karibu, akaisoma yote, midomo ikitembea.

“Mbona tarehe ya barua hii ni ya mwaka juzi?”

Alitikisa kichwa, akamwangalia Valence kwa huruma ya mzazi, akaandika jina lake lote, Xaveria, kwa mwandiko wa darasa la nne alilofikia, herufi moja moja, akaweka na nukta. Valence alilia kidogo. Hakujificha, wala hakuna aliyemcheka.

Mkurugenzi alikuwa amebakiwa na njia moja, akaitumia. Alimpigia Katibu Mkuu wa makao makuu, akaweka spika ili wote wasikie jinsi watakavyonyooshwa. Alieleza kila kitu kwa kifupi, akiruka sehemu ya kuku.

“Nimekuelewa,” ilisema sauti ya Katibu. “Jambo zito hili. Nakuja kulimaliza mwenyewe. Meza kuu asiguse mtu chochote mpaka nifike.”

“Ahsante sana, Mheshimiwa! Uko wapi saa hizi?”

“Nimeshatoka. Niko hapa karibu kabisa.”

Simu ikakatwa. Mama Yohanes aliwageukia watu.

“Jamani, mgeni wetu sisi si ameshafika? Na hotuba imekwisha? Basi tule.”

Wakala. Walikula sahani zote mbili, kuku juu ya makande, jambo ambalo Waraka haukuwa umelifikiria. Walimsifu Mama Edda, wakaomba pilipili, wakaongezewa mnafu. Teodori alimaliza na kulamba vidole, na hakuna aliyemrekodi. Valence alikaa katikati yao, akala taratibu akiwa na barua ndani ya mfuko wa shati, na kila baada ya matonge mawili aliigusa. Watu waliposhiba walinawa, wakamuaga Mkurugenzi kwa heshima zote, wakaenda kukamua ng'ombe. Maturubai yakaanza kufunguliwa.

Meza kuu ikabaki na watu watatu. Mkurugenzi Jovin alikaa wima mbele ya sahani yake, paja la kuku lililoumwa mara moja likimtazama. Alinyoosha mkono. Mama Yohanes aliusukuma taratibu ukarudi pajani, kisha akasogeza kiti chake karibu kidogo. Devota akarudisha saa kwenye sifuri, akabonyeza.

“Jikaze, baba,” alisema Mama Yohanes. “Saa ya kwanza ndiyo ngumu.”